Transkripti Kwanza, Cheti Baadaye: Kuanzisha Diploma ya Sekondari ya Kimarekani kwa Wanafunzi wa Kimataifa

Ndugu wamiliki wa shule, wenyeviti wa bodi, wakuu wa shule na walimu wenzetu wa taaluma, tunawashukuru kwa kutualika na kwa kuja.

Shule nyingi za Dar es Salaam, Arusha, Mombasa na Nairobi leo zina watoto waliotoka Bujumbura, Lubumbashi, Juba na Maskati, na wengine waliorudi na wazazi wao kutoka Toronto au Houston. Wazazi hawa huhama kufuata kazi. Wanauliza kama mtoto anaweza kumalizia sekondari hapa na kupata cheti ambacho chuo cha nje kitakipokea bila wasiwasi, na baadhi yenu mnafikiria kuwapa diploma ya sekondari ya Kimarekani. Jambo hilo linawezekana na lina manufaa makubwa. Tatizo ni mpangilio wa kazi. Shule huanza na matangazo na sare, zikafuata na walimu, na masijala ikakumbukwa mwisho kabisa, mwezi mmoja kabla ya mahafali. Sisi tunafanya kazi ya masijala na ushauri wa masomo, na tunalotaka mwondoke nalo leo ni hili: katika mfumo wa Marekani kinachompeleka mtoto chuoni ni transkripti, yaani karatasi rasmi ya masomo na alama zake zote za sekondari, na transkripti haitengenezwi mwishoni. Hujengwa kwa miaka minne, siku kwa siku, kwenye rejesta na vitabu vya alama.

Sisi tuliokulia kwenye mitihani ya taifa tunahitaji muda kulizoea jambo hili. Tanzania, Baraza la Mitihani hutunga mtihani wa Kidato cha Nne, husahihisha na kutangaza matokeo. Shule ikilegea katika kumbukumbu zake, mtihani wa Novemba bado utaonyesha mtoto anajua nini. Marekani haina baraza la namna hiyo. Serikali ya shirikisho haitoi diploma ya sekondari, na kila jimbo huweka masharti yake: Florida hudai krediti 24 (krediti ni kipimo cha somo lililokamilishwa), New York 22, Texas 22 kwa mpango wa msingi na 26 kwa anayeongeza mkondo maalumu. Shule ndiyo inayofundisha, inayopima, inayotoa alama na inayotoa cheti. Kwa hiyo ofisa wa udahili anapoishika karatasi ya shule asiyoijua, swali lake la kwanza ni nani ameikagua shule hiyo. Jibu la swali hilo ni ithibati.

Ithibati ya shule za Kimarekani hutolewa na vyombo visivyo vya serikali. Vinavyofahamika zaidi ni Cognia, iliyokuwa ikiitwa AdvancED hadi mwaka 2019, pamoja na Middle States, New England na Western, yaani MSA, NEASC na ACS WASC. Vyote hufanya kazi na shule zilizo nje ya Marekani. Utaratibu wao unafanana: shule hupeleka maombi, hukaguliwa kama iko tayari, hupewa hadhi ya mgombea, hujifanyia tathmini ya ndani kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kisha timu ya wakaguzi huja kukaa siku kadhaa, kuingia madarasani, kusoma mafaili na kuzungumza na wanafunzi. Jumla yake ni miaka miwili hadi mitatu kwa shule iliyojipanga. Mgombea bado hana ithibati, na asiitangaze kana kwamba anayo.

Hapa ndipo watu huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kuna kampuni kwenye intaneti zinazouza ithibati kwa wiki mbili, kwa malipo ya mara moja, bila mtu kufika shuleni. Baadhi hudai kuwa Wizara ya Elimu ya Marekani imewaidhinisha kukagua shule za sekondari. Dai hilo lenyewe linatosha kuwaondoa, kwa sababu wizara ile hutambua vyombo vya ithibati vya vyuo. Haina orodha ya vyombo vya sekondari. Uchunguzi wake ni mwepesi: fungua tovuti ya chombo cha ithibati, siyo ya shule wala ya dalali, na utafute jina la shule na mji wake. Lisipoonekana pale, halipo.

Kwa sababu ithibati huchukua miaka miwili hadi mitatu, tunashauri jambo ambalo wamiliki wengi hawalipendi. Anzeni na gredi ya 9 peke yake. Mwaka unaofuata mna gredi ya 9 na ya 10, na mnapanda hivyo hivyo. Wahitimu wa kwanza watatoka mwaka wa nne, ithibati ikiwa imeshapatikana na walimu wameshauzoea mfumo. Shinikizo la wazazi litakuwa kufungua gredi ya 12 mara moja, kwa kuwa wapo watoto wanaotaka kwenda chuo mwakani. Mkikubali, watoto wale watahitimu kutoka shule isiyo na ithibati, na mkiipata baadaye wao watakuwa wameshatoka. Ada ya mwaka mmoja haifidii jambo hilo.

Sasa tuje kwenye krediti yenyewe, maana ndiko kuliko na hesabu. Kipimo kinachotumika tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ni saa 120 za kufundishwa somo moja kwa mwaka mzima. Saa 120 ni dakika 7,200. Shule yenye vipindi vya dakika 40, vitano kwa wiki, hufundisha dakika 200 kwa wiki, na ikifundisha wiki 36 kamili inafika 7,200 bila kubaki hata dakika. Kwenye karatasi ratiba hiyo ni sawa. Katika maisha ya shule, toa wiki ya mitihani kila muhula, siku za michezo, mahafali, sikukuu za kitaifa na Idi mbili, na utabaki na wiki kama 32. Wiki 32 mara dakika 200 ni dakika 6,400, yaani saa 106 na dakika 40, na krediti haijatimia. Dawa yake ni kurefusha kipindi kuwa dakika 45: vipindi vitano kwa wiki, wiki 32, ni 7,200 zilezile. Pangeni ratiba kwa wiki mtakazofundisha kweli. Mkaguzi ataomba kalenda na ratiba na kuzidisha mwenyewe mbele yenu, na mkuu wa shule anayeijua hesabu hii hatababaika.

Somo la mwaka mzima ni krediti 1, la muhula mmoja nusu krediti. Mpango wa krediti 24 unaokubalika sehemu nyingi una Kiingereza 4, Hisabati 4 au angalau 3, Sayansi 3 zikiwemo za maabara, Historia na maarifa ya jamii 3, lugha ya pili 2, kisha michezo, sanaa, na masomo ya kuchagua yanayojaza nafasi iliyobaki. Kiswahili kipewe nafasi yenye hadhi katika mpango huu. Mtoto wa Kikorea au wa Kihindi aliyesoma Kiswahili miaka miwili amepata krediti 2 halali za lugha ya pili, na mtoto anayekizungumza nyumbani asomeshwe fasihi yake kwa kiwango cha juu, si darasa la salamu. Jueni tu kwamba College Board, shirika la mitihani la Marekani, haina mtihani wa AP (masomo ya sekondari ya kiwango cha chuo) wa Kiswahili. Diploma ya IB, yaani International Baccalaureate, inacho Kiswahili, na kwa shule ambayo lugha hii ndiyo fahari yake hilo ni la kupima kabla ya kuchagua njia.

Tutakaa kidogo kwenye alama, kwa kuwa kuna kosa moja linaloumiza watoto wazuri kimyakimya. Kwenye mtihani wa Kidato cha Nne Tanzania, A huanza na 75, B ni 65 hadi 74, C ni 45 hadi 64. Mwalimu aliyesahihisha kwa kipimo hicho miaka 15 ana mkono uliozoea: kazi nzuri sana anaiandikia 76 au 78, na 90 anamwekea mtoto ambaye hajapata kumwona. Kwenye kipimo cha kawaida cha Kimarekani A huanza na 90, B 80, C 70, D 60, na chini ya hapo ni F. Mwalimu yuleyule akiingizwa kwenye programu mpya bila mafunzo ataendelea kuandika 76, na kompyuta itaandika C. Alichokusudia kuwa pongezi kinasomeka nje kama uvivu.

Tazameni uzito wake. Chukua mtoto mwenye Kiingereza B, Hisabati A, Baiolojia B, Historia A, Kiswahili A, kila moja krediti 1, na Michezo A ya nusu krediti. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2. Pointi zake kwa masomo matano ni 18, ongeza 2 za nusu krediti ya michezo, jumla 20. Gawanya kwa krediti 5.5: wastani ni 3.64. Mwalimu wa Hisabati akimwandikia 76 kwa mazoea yake, A inageuka C, pointi zinashuka hadi 18, na wastani unakuwa 3.27. Somo moja, mwaka mmoja, na mlango wa vyuo kadhaa umefungwa.

Tafadhali msilitibu jambo hili kwa kuongeza alama 15 kwa kila mtoto mwishoni mwa mwaka. Ofisi za udahili hulinganisha alama za shule na matokeo ya mitihani ya nje, na shule inayogawa A bila kazi hujulikana. Tiba ni mwongozo wa kusahihisha unaoeleza kwa maneno kazi ya A ikoje, ya B ikoje, katika kila somo, na kikao ambamo walimu wawili wanasahihisha insha ileile au jaribio lilelile bila kuonana, kisha wanalinganisha. Kikao hicho kifanyike kabla ya mwezi wa kwanza kuisha, kirudiwe kila muhula. Uzito wa kazi nao uandikwe kwenye silabasi siku ya kwanza: majaribio, kazi za nyumbani, miradi, mtihani wa mwisho. Mwalimu anayeamua uzito mwezi wa mwisho hana cha kujibu mzazi anapokata rufaa.

Kupokea mwanafunzi wa kimataifa kunaanza na kumweka kwenye gredi inayomfaa, na hapa umri hautoshi. Hesabuni miaka aliyosoma tangu darasa la kwanza. Tanzania na Uganda zenye msingi wa miaka saba, Kidato cha Pili ndiyo mwaka wa tisa, kwa hiyo ndiyo gredi ya 9. Aliyemaliza Kidato cha Nne ana miaka 11 ya masomo na anaingia gredi ya 12, na Kidato cha Sita ni mwaka wa 13. Tanzania inapohamia kwenye msingi wa miaka sita, hesabu hiyo itasogea mwaka mmoja. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 aliyekuwa Kidato cha Kwanza yuko gredi ya 9, na wa mtaala mpya ana gredi zilezile kwa majina. Kongo, baada ya miaka sita ya msingi na miwili ya kati, mwaka wa kwanza wa hyumanite, yaani sekondari yao ya juu, ni gredi ya 9. Rwanda, mwaka wa tatu wa sekondari ndio wa tisa. Burundi, mwaka wa tisa ndio wa mwisho wa elimu yao ya msingi. Oman wana miaka 12 na hesabu inalingana. Andikeni jedwali hili, libandikwe masijala, na lipitiwe kila serikali inapobadili mtaala.

Kisha ombeni ripoti za shule alikotoka, nakala halisi zenye muhuri, na tafsiri iliyothibitishwa kama ziko kwa Kifaransa au Kiarabu. Krediti za huko hupewa kwa kuangalia saa na maudhui, somo kwa somo. Alama za huko msizigeuze kuwa A na B zenu. Shule zinazofuata mfumo wa Kifaransa husahihisha kwa 20, na 14 kwa 20 ni alama ya kujivunia. Ukiigeuza kwa asilimia inakuwa 70, na kwenye kipimo cha Marekani ni C. C+ ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, inayomfungulia Mkenya mlango wa chuo kikuu, haina maana sawa na C+ ya Marekani. Kwa hiyo kwenye transkripti yenu andikeni somo, krediti na neno la kuonyesha kuwa imehamishwa, msiliingize kwenye wastani, na mwambatanishe ripoti ya asili. Vyuo vina wataalamu wa kuzisoma ripoti hizo.

Kama Kiingereza cha mtoto ni kichanga, masomo ya kukijenga apewe krediti za kuchagua, na krediti za Kiingereza cha fasihi na uandishi zianze akiwa tayari. Shule zinazohesabu madarasa ya lugha ya awali kama Kiingereza cha gredi ya 11 humwachia mtoto deni ambalo hulikuta chuoni, kwenye insha ya kwanza.

Jina. Mnaweza kuona ni dogo, lakini hakuna linalochelewesha viza na udahili kama hili. Watoto wengi wa pwani na visiwani wana jina lao, la baba na la babu, na hakuna jina la ukoo. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, pasi ya kusafiria ina matatu, shule ya awali iliandika jina la utani la nyumbani. Tangu siku ya usajili, jina la transkripti liwe lile la pasi, herufi kwa herufi, kwa mpangilio uleule, likifuatwa na College Board, na mtihani wa lugha, na fomu za chuo. Mtoto asiye na pasi aombewe mapema, gredi ya 9 au ya 10, na cheti cha kuzaliwa kirekebishwe kabla ya hapo. Tukilikuta gredi ya 12 mwezi wa Januari, tumeshachelewa.

Mengine ya transkripti ni ya kawaida ila yote yawepo: tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuingia na ya kuhitimu, kila somo chini ya mwaka wake, krediti zilizojaribiwa na zilizopatikana, alama, wastani na ufafanuzi wa namna ulivyopatikana, kipimo cha alama, jina la chombo cha ithibati, msimbo wa shule wa tarakimu sita unaotolewa na College Board, sahihi na muhuri. Somo alilofeli libaki, hata akilirudia na kufaulu. Nakala rasmi hutoka shuleni kwenda chuoni moja kwa moja. Ile anayopewa mzazi mkononi iandikwe kuwa si rasmi. Fuatisheni na wasifu wa shule wa ukurasa mmoja au miwili: shule iko wapi, ina wanafunzi wangapi, mtaala gani, kipimo gani, alama za mwaka jana zilisambaaje. Shule mpya isiyo na wasifu inamwacha msomaji abuni, na mara nyingi hubuni kwa hasara yenu.

Diploma peke yake inatosha kwa vyuo vingi vya Marekani na Kanada. Uingereza na Ujerumani mambo ni magumu zaidi. Vyuo vingi vya huko huomba juu yake masomo kadhaa ya AP yenye alama nzuri, au alama za SAT, mtihani wa udahili wa vyuo vya Marekani. AP ni masomo ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo, mitihani yake hufanyika Mei, na alama ni 1 hadi 5. Shule haijiandikii neno AP kwenye transkripti kwa hiari yake: mwalimu huingiza kozi yake kwenye ukaguzi wa College Board, nayo ikikubaliwa ndipo jina linatumika. Mitihani huagizwa katikati ya Novemba, miezi sita kabla, na mratibu akisahau tarehe hiyo analipia faini ya kuchelewa au anakosa kabisa. Anzeni na AP mbili au tatu ambazo mna walimu wake hasa. Orodha ya AP kumi kwenye tangazo, zikifundishwa na watu wawili waliochoka, huzaa alama za 1 na 2.

SAT imekuwa ya kidijitali nje ya Marekani tangu Machi 2023, na AP nyingi zimefuata mwaka 2025, kupitia programu ya Bluebook. Mtihani wa SAT ni wa saa mbili na dakika 14. Intaneti inahitajika mwanzoni, na mwishoni wakati wa kutuma. Ikikatika katikati, majibu hubaki kwenye kompyuta na mtoto anaendelea. Betri ikifa ni habari nyingine. Betri za kompyuta za shule zilizotumika miaka minne hazihimili muda huo, na umeme ukikatika saa tatu asubuhi hamna la kufanya. Wiki mbili kabla, chomoeni kila kompyuta kwenye umeme, iwasheni kwa saa tatu, muone zipi zinasalia. Jenereta ijazwe mafuta siku moja kabla na iwashwe kwa jaribio.

Mshauri wa masomo aajiriwe mapema. Chama cha washauri wa shule cha Marekani kinapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, lakini hiyo ni kwa watoto wanaoomba vyuo vya nchini mwao. Wenu wanaomba nchi tatu kwa wakati mmoja, wengi wakihitaji msaada wa ada. Fomu ya pamoja ya vyuo vya Marekani hufunguliwa 1 Agosti, maombi ya mapema hufungwa mwanzoni mwa Novemba, ya kawaida mwanzoni mwa Januari, ripoti ya katikati ya mwaka hutumwa baada ya muhula wa kwanza, na transkripti ya mwisho baada ya mahafali. Shule inayofuata kalenda ya Januari hadi Desemba itakuta gredi ya 12 ya wanafunzi wake imekatwa vipande viwili na kalenda hii, na matokeo ya mwisho hayapo chuo kinapofungua Agosti. Kalenda ya Agosti hadi Juni huondoa tatizo hilo. Ofisi za EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa ushauri wa masomo, zilizopo Dar es Salaam na Nairobi, hushauri bure. Watumieni, na wapelekeeni wasifu wenu.

Wakati huohuo sheria za hapa hazisimami. Mtaala wa kigeni unahitaji kibali cha wizara. Tanzania mlango ni Kamishna wa Elimu. Mwanafunzi wa kigeni Tanzania anahitaji kibali cha ukaazi cha daraja C, mwalimu wa kigeni daraja B pamoja na kibali cha kazi, na kila kimoja kina tarehe ya kuisha inayopaswa kuwa kwenye kalenda ya masijala. Mtoto wa bweni ambaye wazazi wako nje awe na mlezi aliye hapa nchini, mwenye barua ya wazazi ya kumruhusu aidhinishe matibabu na safari.

Kwa mzazi Mtanzania anayemleta mtoto kwenye programu hii, semeni naye wazi kabla hajalipa. Hiki ni cheti cha kumaliza sekondari. Si stashahada ya chuo. Kinaishia mwaka wa 12, mwaka mmoja kabla ya Kidato cha Sita. Akitaka mtoto asome Mlimani au Dodoma, cheti kitapelekwa Baraza la Mitihani kulinganishwa, na ulinganisho huo ndio utakaosomwa na chuo. Msimwahidi kwa mdomo kuwa ni sawa na Kidato cha Sita. Kama uwezekano wa kusoma nyumbani upo, mjadili naye AP za ziada, au mtihani wa taifa kama mtahiniwa wa kujitegemea, au njia nyingine kabisa. Wapo watoto ambao njia yao bora ni Kidato cha Tano, na shule yenye heshima huwaambia hivyo.

Baadhi yenu hamtatafuta ithibati yenu wenyewe. Mtaingia ubia na shule iliyoko Marekani, mtoto asome mtaala wenu na kuongeza masomo machache ya huko kwa mtandao, krediti nyingine zihamishwe. Njia hii ni ya haraka na gharama ya kuanza ni ndogo. Mkataba wake usomwe na mwanasheria, na tunaomba mtazame mambo manne. Ithibati ya mwenzenu inahusu kampasi yake. Je, chombo chake kimeidhinisha kwa maandishi kazi anayoifanya kwenu? Transkripti hutolewa na nani, na kwa siku ngapi baada ya ombi? Ada ikicheleweshwa na shule yenu, anaruhusiwa kuzuia transkripti ya mtoto aliyekwisha lipa? Na ubia ukivunjika mtoto akiwa gredi ya 11, nani anamfikisha mwisho, kwa gharama ya nani? Mbia anayekwepa swali hilo la nne, msitie naye sahihi.

La mwisho ni kumbukumbu zenyewe. Mhitimu ataomba transkripti akiwa na miaka 19, ataomba tena na miaka 30 anapotafuta kazi au shahada ya pili, na shule yenu huenda imeshahama jengo. Transkripti za wahitimu hutunzwa daima. Nakala ya karatasi iwe kwenye kabati lisiloungua, nakala ya kidijitali kwenye seva ya shule, na nyingine nje ya eneo la shule. Kila muhula mtu aijaribu ile ya nje kwa kufungua mafaili matano bila kuchagua. Watu wenye ruhusa ya kubadili alama wasizidi wawili, na kila badiliko liandikwe nani, lini na kwa nini. Katika katiba ya shule muweke kifungu kinachotaja ni taasisi gani itakayopokea kumbukumbu hizi iwapo programu itafungwa, na taasisi hiyo iwe imekubali kwa barua. Barua hiyo tafuteni mwaka huu, kabla ya kusajili mwanafunzi wa kwanza.

Tumeleta mfano wa transkripti, jedwali la gredi na nakala ya ratiba yenye hesabu ya dakika. Viko kwenye meza ya mlangoni. Asanteni. Karibuni maswali.